Ofisi ya mbao Tabora, bustani mlangoni, na nyuki wetu: naombeni ushauri kabla hatujasaini michoro

BintiUnyanyembe (Tabora):

Habari za jioni wadau. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Miaka yote tumekuwa wapangaji, na mwaka huu wanachama wamekubali tujenge kwetu. Kiwanja kipo, mita 38 kwa 45. Kina miembe mitatu mikubwa na mtundu mmoja (mti wa miombo) uliokuwapo kabla mtaa haujapimwa. Watumishi tuko 22. Siku ya malipo ya asali wanachama wanafika hata mia moja, wengine wamelala njiani, na kwa sasa wanasubiri juani, wamekaa kwenye ukingo wa mtaro. Hilo linaniuma kuliko kodi tunayolipa.

Mkutano mkuu uliamua jengo liwe la mbao. Mama mmoja alisimama akasema msitu ndio unaotulisha, iweje sisi tuwe wa kwanza kuukimbia tunapojenga. Ukumbi mzima ulimpigia makofi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Michoro imekuja wiki iliyopita. Jengo la ghorofa moja, kuta na sakafu za mbao, uso mzima wa magharibi ni kioo kwa sababu huko ndiko barabara iliko. Juu ya paa kuna bustani. Chini, vitanda vya maua vinazunguka jengo lote vikiwa vimegusana na ukuta. Kwenye karatasi linapendeza kweli. Ila kwenye maelezo ya ujenzi nimekuta mstari mmoja: udongo wa chini ya jengo na wa kuzunguka upigwe dawa ya mchwa, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya miaka kadhaa. Nikauliza dawa gani. Nikajibiwa imidaklopridi.

Wafugaji nyuki wenzangu mnaijua. Mmea huinyonya kwa mizizi, ikapanda na maji yake mpaka kwenye nekta na chavua. Maana yake tupande maua kwa ajili ya nyuki kwenye udongo uliotiwa sumu ya nyuki, tena kwenye ofisi ya nyuki. Siwezi kusimama mbele ya wanachama nikalitetea hilo.

Lakini mchwa nao nawaogopa. Kwenye ofisi tunayopanga, mwaka juzi nilivuta faili la mikopo kutoka rafu ya chini, nikabaki na jalada mkononi. Ndani palikuwa na udongo mkavu wa rangi ya matofali, umejipanga umbo lilelile la karatasi, na kile chuma cha kubania kimebaki peke yake katikati. Kama wamefanya hivyo kwenye nyumba ya tofali, nyumba ya mbao je?

Maswali yangu: inawezekana jengo la mbao likae Tabora bila kumwaga dawa ardhini? Na hii bustani, tuiweke wapi ili isilimalize jengo?

---

MzeeWaKibirizi (Kigoma):

Mwanangu Katibu, nakusalimu. Nimeunda maboti hapa Kibirizi zaidi ya miaka thelathini, na uzeeni nimeezeka nyumba kadhaa. Niseme ninachokijua kuhusu ubao na maji.

Boti likikaa ziwani, ubao ulio chini ya maji siku zote unadumu. Ule wa juu, unaopigwa na upepo, nao unadumu. Unaooza ni wa katikati, pale wimbi linapolowesha na jua linapokausha, kila siku. Ukipitisha kidole unakuta umelainika kama muhogo uliovundikwa. Sasa angalia mchoro wako. Kitanda cha maua kilichoegemea ukuta wa mbao, kinamwagiliwa asubuhi, kinakauka mchana. Huo ndio mstari wa wimbi, wameuleta nchi kavu wakauzungusha nyumba nzima.

Kwa hiyo kabla ya yote, ondoa hivyo vitanda. Kuzunguka jengo acha njia ya kokoto ya mita moja, isiyo na mmea, isiyo na bomba la kumwagilia. Bustani ianzie hapo.

Halafu inua jengo. Nguzo fupi za zege au tofali za kuchoma, sentimita 60 kutoka ardhini, mtu aweze kuingia chini kwa magoti akiwa na tochi. Juu ya kila nguzo, kabla hujalaza boriti, weka kofia ya bati nene. Itokeze sentimita 5 kila upande na ukingo wake ukunjwe kuelekea chini. Kofia hiyo haimuui mchwa. Inamlazimisha atoke ndani ya nguzo azunguke kwa nje, na mchwa hapendi kupita wazi, lazima ajijengee njia ya udongo, nene kama penseli. Sasa unaiona. Mlinzi wenu akipita chini kila mwezi na tochi, ataikuta, ataikwangua, na mtajua ni nguzo ya ngapi. Mchwa aliyekula faili lako alipanda ndani ya ukuta, katikati ya tofali, ambako hakuna jicho linalofika.

Ila kofia zote zinakuwa kazi bure ukiacha daraja moja. Ngazi ya zege iliyogusana na sakafu ya mbao ni daraja. Bomba la maji lililopandia ukutani ni daraja. Rundo la kuni, daraja. Ngazi iache nafasi ya vidole vitatu na jengo. Na mafundi wa msingi uwasimamie wewe mwenyewe siku wanapofukia: vipande vya mbao za kumwagia zege wasivitupe shimoni wakavifukia. Nimeona mara nyingi, ni kama umemwandikia mchwa barua aje.

Kuhusu aina ya mbao. Mninga ni wa kwenu, na mchwa hauwezi, lakini ni ile sehemu ya ndani, nyekundu. Weupe wa nje wa mninga unaliwa kama mbao nyingine yoyote. Fundi asipouondoa, mkatalie kazi. Na usiutie kwenye boriti zinazofichwa, ni mti unaochelewa sana kukua na umeshakatwa mno. Weka mninga kwenye milango, vizingiti, na mikono ya ngazi, mahali mtu anapougusa. Mifupa ya jengo iwe misindano (paini) iliyotiwa dawa kiwandani, kwa mgandamizo ndani ya silinda. Dawa ya kupaka kwa brashi inaishia kwenye ngozi ya ubao. Na mbao za msitu wa asili, dai hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla hujalipa hata shilingi.

Mwisho, mbao zikauke. Niliwahi kutengeneza milango minane ya ofisi moja kwa mbao mbichi kwa sababu mwenye kazi alikuwa na haraka, na mimi nikakubali. Ilipofika Septemba, kati ya ubao na ubao kidole kilikuwa kinapita. Milango ile bado inanikera mpaka leo.

---

NguzoNaBoriti:

Dada Katibu, mimi ni mhandisi wa miundo, nimefanya kazi kanda ya magharibi miaka tisa. Mzee amemaliza habari ya chini, nami nizungumzie juu.

Hiyo bustani ya paani iondoeni. Udongo wa sentimita 15 ukilowa unapita kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Paa la bati pamoja na papi zake halifiki hata kilo 20. Mtalipia mbao nyingi ili kubeba udongo ambao kuanzia Mei mpaka Oktoba haupati mvua, na mtapandisha maji ya kumwagilia juu ya jengo la mbao, kisha mtaomba Mungu pasivuje. Tabora ina ardhi. Bustani ikae ardhini.

Kioo cha magharibi ndicho kinachonitia hofu zaidi. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na katikati ya mchana liko juu sana. Ukuta wa mita 3 unaoangalia kaskazini unakingwa mpaka chini na ukingo wa paa wa mita 1.6, wa kusini unatosha mita 1. Hilo ni jambo rahisi. Jua la magharibi haliko hivyo, linaingia likiwa limelala, na hakuna ukingo wa paa unaolizuia. Tena kuna jambo watu hawaliangalii: saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 ulio baharini huko mashariki, Tabora iko kama nyuzi 33. Jua la hapo linafika juu kabisa saa saba kasoro dakika kumi hivi. Kwa hiyo saa kumi jioni, watumishi wako bado mezani, jua lina nguvu ya saa tisa. Oktoba hamtakaa humo ndani, na hela ya kiyoyozi itawatoka kila mwezi.

Ningeligeuza jengo. Mabawa mawili marefu, yanyooke mashariki kwenda magharibi, kila moja upana wa mita 7 tu ili upepo na mwanga vipite upande hadi upande. Kati yake ua, na huo mtundu wenu usimame humo. Kuta fupi za mashariki na magharibi ziwe bila madirisha. Badala ya korido ya ndani, wekeni baraza ya mita 2 inayoutazama ua, chini na juu. Hiyo baraza ndiyo njia ya kupita, ndicho kivuli cha ukuta, na ndipo watakapokaa wale watu mia wa siku ya malipo. Si wazo geni. Tembe, zile nyumba za jadi za Unyamwezi, zilikuwa na ua katikati. Nenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, simama uani mchana, utaelewa haraka kuliko mchoro wangu.

Sakafu ya juu: msihangaike na paneli kubwa za gundi wanazotumia Ulaya. Huko wamefika mbali, jengo la mbao la Mjøstårnet, Norway, lilikamilika 2019 likiwa na ghorofa 18 na urefu wa mita 85.4, lakini nyinyi mna ghorofa moja. Chukueni mbao za mbili kwa sita za misindano, tuseme kutoka shamba la miti la Sao Hill, zisimamishwe kwa ubavu, zibanane bega kwa bega, zipigwe misumari kwa kupishana. Unapata sakafu nene ya inchi sita ambayo fundi wa kawaida anaweza kuifanya. Boriti zipishane mita 3 mpaka 3.5, na mhandisi wenu akokotoe mwenyewe kwa mbao atakazoziona. Mkisimamisha nguzo na paa kwanza, kati ya Juni na Agosti, sakafu itafanywa kwenye kivuli na haitanyeshewa. Hili lisipuuzwe: sakafu ya namna hiyo ikilowa inavimba na kusukuma nguzo.

Hatua za watu wa juu zitasikika chini. Tandazeni tabaka jembamba la mchanga mkavu chini ya mbao za kukanyagia, linasaidia sana. Na chini ya bati wekeni dari nzito yenye kizuia sauti, ama sivyo mvua ya Januari itakuwa inaahirisha vikao vyenu.

Moto. Watu wa Zimamoto watauliza, na ni haki yao. Nguzo nene ya msindano ikiungua inajitengenezea ganda la mkaa linalochelewesha moto, unaingia takriban milimita 0.7 kwa dakika. Nusu saa ni sentimita 2. Kwa hiyo nguzo tunazinenepesha sentimita hizo kila upande, na vyuma vya kuunganishia tunavizika ndani ya ubao, kwa sababu chuma kilicho wazi kwenye moto kinalegea mapema kuliko nguzo yenyewe.

Vyoo na jiko vitoke nje ya mbao kabisa. Kibanda cha tofali, kiungwe kwa baraza.

Nilisahau: yule mama wa mkutanoni yuko sahihi. Mita moja ya ujazo ya mbao yenye kilo 500 ikiwa kavu, nusu ya uzito huo ni kaboni, sawa na kilo 900 hivi za hewa ya ukaa ambayo mti uliivuta. Inakaa humo muda wote jengo linaposimama.

---

MamaKitalu:

Bi Katibu, hongera kwa kuulinda huo mtundu. Nina kitalu cha miche, nimejaribu kuotesha mitundu, najua shida yake. Mche wake ukipandwa kwenye udongo wa kawaida unadumaa. Lazima nichukue udongo wa chini ya mti mama, wenye kuvu wake, zile zile zinazotupa uyoga mvua zikianza. Hata hivyo miaka ya kwanza unashuka mizizi tu, juu unakauka kila kiangazi na kuchipua upya. Kivuli ulichonacho leo hakinunuliki kitaluni kwangu wala kwingine. Septemba utatoa yale majani mekundu, watu watatoka ofisini kuutazama.

Msichimbe mtaro wa msingi chini ya matawi yake, wala ya miembe. Nguzo za Mzee zinafaa hapo pia, kwa sababu shimo moja moja linaweza kukwepa mzizi, mtaro unaikata yote. Miembe iachwe iwe paa la pili la wanaosubiri, ila matawi yanayofika juu ya bati yapunguzwe. Msimu wa embe utakuwa unasikia mabomu usiku kucha, na majani yatajaza gata, maji yarudi ukutani.

Usipande ukoka. Unakunywa maji na nyuki hawapati kitu. Panda mirehani, alizeti za mwanzo wa mvua, na vichaka vinavyotoa maua kiangazi. Maji mtayapata paani: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 300, mvua ya milimita 40, ni lita 12,000 kwa siku moja. Nunueni matanki kabla ya viti.

---

BintiUnyanyembe (Tabora):

Shikamoo Mzee wa Kibirizi. Asanteni wote, kaka mhandisi na mama yangu wa kitalu. Nimechapisha majibu yenu, mwenyekiti ameyasoma mara mbili, na kesho tunaonana na mbunifu. Kwihara nimekwenda leo baada ya kazi. Nimesimama uani kama ulivyosema kaka. Nje nilikuwa nimefunika kichwa kwa khanga, ndani nikaitoa bila hata kufikiri.

Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza nyuki wenyewe. Kundi linalohama linatafuta tundu kavu lenye giza, na ukuta wa mbao wenye uwazi ndani ni mzinga mkubwa. Nimewahi kuona dari ya shule ikiwa na makundi matatu. Pili, misindano itabakiza vipande vingi, na tayari vijana wetu wananiuliza kama wavichukue watengenezee mizinga ya masanduku.

---

MzeeWaKibirizi (Kigoma):

Marahaba mwanangu.

La tundu: kila uwazi unaozidi milimita 3 chini ya ukingo wa paa uwekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo, siyo povu wala matambara, wanayatoboa. Hewa ipite, nyuki asipite. Mizinga nayo isiwekwe uani hata kama wageni watapenda kuiona. Nyuki wetu mnawajua nyinyi kuliko mimi.

La vipande: waambie vijana hapana, na uwaambie mapema kabla hawajabeba. Ile rangi ya kijani kwenye mbao za kiwandani ni shaba, kromi na arseniki. Jengoni iko salama mahali pake, lakini kwenye mzinga sivyo. Wala mama lishe wa hapo jirani asivichukue kwa kuni, moshi wake na majivu yake ni sumu. Mviweke mahali pamoja, pamefungwa, vitumike kwa nguzo za uzio. Vijana wapeni vipande vya mninga uliotolewa weupe, visivyo na dawa yoyote.

Na hizo mbao zikifika, zipangeni kivulini, kila safu itenganishwe na vipande vya inchi moja hewa ipite, miisho ipakwe rangi isipasuke. Mizani ya asali mnayo. Kata kipande kirefu kama mkono kutoka katikati ya ubao mmoja, kipake rangi nacho miishoni, kiandikwe namba, kirudishwe katikati ya rundo. Kila Jumatatu kipime, andika gramu zake kwenye daftari. Kitashuka wiki hadi wiki. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, mwite fundi aje na randa.